Mvinyo wa Kupikia: Tazama Sukari Kabla ya Bei

Mvinyo mwekundu wa kupikia hauhitaji kuwa wa gharama. Unahitaji kuwa mkavu, ule ambao sukari ya zabibu imekwisha karibu yote wakati wa kuchachuka, ule ambao wauzaji wetu huuita drai. Kwa jiko la Afrika Mashariki hilo ni karibu jambo zima. Nalitanguliza kwa sababu mashauri mengi juu ya mvinyo wa kupikia yametungwa kwa ajili ya wapishi wa Ufaransa, Italia na Marekani, na kwao chupa nyekundu ya bei ya chini kwa kawaida huwa kavu hata kabla mtu hajauliza. Kwetu mambo ni tofauti. Rafu za Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na Mombasa zimejaa mvinyo mwekundu mtamu, mwingi wake kutoka Afrika Kusini na mwingine wa hapahapa, kwa kuwa ndio wanywaji wengi wanaoupenda. Mnywaji anywe anachokipenda. Lakini chupa hiyohiyo ikiingia kwenye rosti ya ng'ombe, chakula kinatoka na utamu wa kukera, na mpishi anadhani kosa lilikuwa kununua cha bei rahisi. Safari nyingine anaongeza pesa, anachukua chupa nzuri zaidi yenye utamu uleule, na matokeo hayabadiliki.

Tupige hesabu kidogo. Mvinyo mtamu unaweza kubeba gramu 60 za sukari kwa lita, na ipo inayozidi hapo. Ukimimina nusu lita kwenye sufuria, umetia gramu 30, yaani zaidi ya vijiko saba vya chai vya sukari. Ndani ya sufuria kuna kitunguu, karoti na nyanya, vyote vikiwa na utamu wao. Kisha unaacha mchuzi upungue. Maji yanaondoka, kilevi kinapungua, ila sukari haina pa kwenda, inabaki yote na kuonekana zaidi kadiri mchuzi unavyokuwa mzito. Kwa upande wa pili, sheria za Umoja wa Ulaya huruhusu mvinyo kuitwa mkavu ukiwa na sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, au hadi 9 ikiwa uchachu wake ni mkubwa wa kutosha. Kwa kiwango hicho cha gramu 4, nusu lita inatia gramu 2 tu, nusu ya kijiko cha chai. Ulimi wa mlaji hautaigundua.

Sasa utaijuaje chupa kavu ukiwa dukani, wakati chupa imefungwa na muuzaji mwenyewe pengine hanywi? Soma lebo ya mbele kwanza. «Dry» ndiyo unayoitafuta. «Sweet», «Semi-sweet» na «Natural Sweet» ziache kwenye rafu, na hiyo ya mwisho usiichukulie kuwa ni mvinyo usio na sukari, kwani maana yake ni kwamba utamu umetokana na zabibu zenyewe. Kwenye chupa za Ulaya utaona «sec» kwa Kifaransa, «secco» kwa Kiitaliano, «seco» kwa Kihispania na Kireno. Chupa nyingi kavu, lakini, hazisemi lolote. Zinataja jina la zabibu na mahali tu. Hapo geuza chupa utafute kiwango cha kilevi, maana namba hiyo inasema mengi.

Sababu yake ni hii. Hamira hula sukari ya zabibu na kuigeuza kilevi. Ikiachwa imalize kazi, sukari inakwisha na kilevi kinapanda, kwa kawaida kati ya asilimia 12 na 14.5 kwa mvinyo mwekundu. Mtengenezaji akiikatiza njiani ili utamu ubaki, kilevi kinakuwa kidogo. Kwa hiyo chupa nyekundu yenye asilimia 8 au 9 ichukulie kuwa tamu hata kama lebo imenyamaza. Na ikizidi asilimia 16, kuna uwezekano mkubwa kwamba imeongezwa pombe kali, na aina hiyo mara nyingi huwa tamu vilevile. Wapo watengenezaji wanaoongeza juisi ya zabibu mwishoni, kwa hiyo kanuni hii si msumeno, lakini kwa mtu aliyesimama dukani bila msaada mwingine, tafuta chupa ya asilimia 12.5 hadi 14 na mara nyingi utakuwa salama.

Soma pia orodha ya viambato kama ipo. Kuna vinywaji vyekundu vinavyokaa rafu moja na mvinyo, chupa zake zina umbo lilelile na picha ya kichala cha zabibu, na ndani ni pombe iliyotiwa sukari, rangi na manukato. Ukiona maneno hayo, rudisha. Vivyo hivyo chupa isiyo na alama ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya haina nafasi jikoni kwako, hata iwe nusu bei.

Ukiwa Tanzania, mimi ningekuambia uanzie Dodoma. Mizabibu ilifika huko miaka ya 1950 kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki kutoka Italia waliohitaji divai ya misa, na misheni ya Bihawana ni miongoni mwa majina ya mwanzo katika habari hiyo. Mvua ni chache na jua ni kali, na mzabibu wa Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka: mavuno ya Februari na Machi, kisha ya Agosti na Septemba. Nchi za baridi huvuna mara moja. Zabibu nyekundu iliyoenea zaidi kwa wakulima inaitwa Makutupora, sawa na kituo cha utafiti wa zabibu ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), na pamoja nayo hulimwa Shiraz na zabibu nyeupe za Chenin Blanc. Wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na vijiji vya jirani wamelilia soko kwa miaka mingi. Zabibu huiva kwa mpigo, haisubiri mnunuzi, na viwanda vikijaa mkulima anabaki na mzigo unaooza. Nina imani kubwa kwamba jiko ni soko ambalo halijaguswa. Familia isiyokunywa mvinyo mezani inaweza kununua chupa mbili tatu kwa mwaka kwa ajili ya rosti ya sikukuu, na chupa hizo zikitoka Dodoma pesa yake inamfikia mtu tunayemjua.

Tahadhari ni ileile. Mvinyo mwekundu wa Dodoma hutoka mkavu na hutoka mtamu, na chupa zake zinaweza kufanana mno zikiwa rafuni, kwa hiyo soma neno dogo lililo chini ya jina. Dompo, ambao ndio watu wengi huufikiria wakisikia mvinyo wa Dodoma, ni mtamu na kilevi chake ni kikubwa kuliko cha mvinyo wa kawaida. Haufai kwa rosti. Unafaa sana kulowekea zabibu kavu na matunda ya keki ya Krismasi, na ukichemshwa na mdalasini na karafuu hadi uwe rojo unapendeza juu ya mananasi yaliyochomwa. Huko utamu wake ni faida.

Kutoka Afrika Kusini chaguo ni pana zaidi, na bei za chini zipo. Merlot ni laini na haina ukali mwingi. Kwa anayeanza, hiyo ndiyo ningemkabidhi mkononi. Cinsaut, ikipatikana, ni nyepesi, ina harufu ya matunda, na hufanya kazi nzuri ajabu kwenye kuku wa kienyeji. Shiraz ina harufu inayokaribia pilipili manga, inakubaliana na nyama ya mbuzi na viungo vyetu. Pinotage ni zabibu ya hukohuko, iliyozaliwa mwaka 1925 Abraham Perold wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch alipochavusha Pinot Noir kwa Cinsaut, na kwa kupikia inafaa ikiwa changa na rahisi. Zile zilizotengenezwa ili zinukie kahawa na chokoleti ziachie wanywaji. Chupa zenye majina mawili au matatu ya zabibu pamoja, ambazo huuzwa kwa bei ndogo kwa kuwa ni mchanganyiko, zisikutie shaka. Mchanganyiko wa bei ya chini, ukiwa mkavu, ni mvinyo wa kupikia wa kuaminika kabisa.

Cabernet Sauvignon nimeiweka kando kwa makusudi. Ina tanini nyingi, ule ukakasi unaokausha ulimi kama chai iliyosahaulika na majani yake ndani. Tanini haivukizwi. Ukiupunguza mchuzi kwa nusu, ukakasi nao unajikusanya. Kwenye sufuria iliyojaa nyama yenye mishipa na mifupa, tanini hushikamana na protini na makali yake hupungua, hivyo Cabernet ndani ya mkia wa ng'ombe uliopikwa saa tatu si tatizo. Lakini ukitaka kutengeneza mchuzi wa haraka kwenye kikaango baada ya kukaanga steki, au mchuzi wa uyoga usio na nyama, hakuna kitu cha kuipoza na utasikia uchungu nyuma ya ulimi.

Pipa la mwaloni nalo lina habari yake. Mvinyo uliokaa kwenye mwaloni kwa muda mrefu hupata harufu ya vanila, moshi na mbao, na watu hulipia hiyo harufu pesa nyingi. Ukipikwa, mwaloni mwingi huacha ladha chungu ya mbao iliyolowa. Kwa hiyo chupa ya Hispania iliyoandikwa «Joven», yaani changa, ni bora kwa sufuria yako kuliko «Crianza» au «Reserva» ambazo sheria inataka zikae kwenye pipa. Hapa ndipo bei ndogo inapokuwa sifa, kwa kuwa mapipa ya mwaloni ni ghali, na mvinyo wa bei ya chini mara nyingi haukuyaona.

Kuna kanuni maarufu isemayo usipikie mvinyo ambao usingeunywa. Mpishi wa Marekani Julia Child, katika kitabu chake kikubwa cha mapishi ya Kifaransa cha mwaka 1961, aliwaonya wasomaji kwamba ni heri kuacha mvinyo kabisa kuliko kutia mbaya. Miaka mingi baadaye, Machi 2007, Julia Moskin wa gazeti la The New York Times alilipima jambo hilo jikoni. Alipika vyakula vilevile kwa mvinyo wa ghali na wa bei ya chini kabisa, ukiwemo wali wa Kiitaliano ambao kwa desturi hupikwa kwa Barolo, na akahitimisha kwamba mvinyo wa bei ya chini unafanya kazi vizuri tu, hata ule ambao asingependa kuumimina kwenye glasi. Mimi nasimama upande wa Moskin. Kinachomfanya mtu alipe mara tano zaidi ni manukato mepesi, na hayo ndiyo ya kwanza kutoweka mvuke unapopanda. Kinachobaki ni uchachu, rangi, tanini, sukari na matunda mazito kidogo. Chupa ya ghali na chupa ya kawaida zikipikwa saa mbili na nusu pamoja na kitunguu na majani ya bei (bay leaf), hutazitofautisha.

Kanuni ya Child, hata hivyo, inabaki na kazi moja: onja kabla ya kumimina. Kijiko kimoja kinatosha, na asiyekunywa anuse tu. Mvinyo ulioharibika unanuka siki, au kadibodi iliyolowa maji, au matunda yaliyokaangwa. Harufu hiyo ya mwisho tunaipata sana ukanda wa joto, kwani chupa husafiri na kukaa kwenye maghala yasiyo na ubaridi. Unaponunua, epuka chupa iliyo dirishani juani au juu ya friji inayotoa joto. Epuka ile ambayo kizibo kimejitokeza juu au ina michirizi ya kunata shingoni, maana mvinyo ulishapata joto kali humo ndani. Chagua mwaka wa karibuni kuliko wote. Mvinyo mwekundu wa bei ya chini umetengenezwa unywewe ungali mchanga na hauongezeki uzuri kwa kuwekwa. Kifuniko cha kuzungusha ni kizuri, usikidharau.

Neno moja kwa wasomaji walio Marekani, na kwa yeyote anayepita kwenye rafu za siki na sosi. Huko utakuta chupa ndogo zinazouzwa kama mvinyo maalumu wa kupikia. Zimetiwa chumvi ili zisinyweke, ndiyo maana zinaruhusiwa kukaa mbali na pombe. Chumvi hiyo haitoki, na mchuzi ukipungua utakuwa wa kumwagwa. Hata chupa za Kichina zinazouzwa kwenye maduka yetu kwa jina hilo hutokana na mchele na nyingi zina chumvi. Kwa mapishi yake ni sawa, kwa rosti ya mvinyo mwekundu si zenyewe.

Kabla ya kuwasha jiko, tazama chombo. Sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu tupu, na mvinyo ni asidi. Ukichemshia humo kwa saa mbili, mchuzi unachukua ladha ya chuma na rangi yake inafifia kuwa ya kijivu. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu, au iliyopakwa enameli, au chungu cha udongo kilichokwisha kuzoea moto. Mpishi mwenye mvinyo mzuri na sufuria ya aluminiamu atapata chakula kibaya kuliko mwenye mvinyo wa kawaida na chungu.

Kwa kilo moja ya nyama, glasi moja na nusu inatosha, kama mililita 250. Vitabu vya Kifaransa vitakuambia umimine chupa nzima, lakini rosti yetu ina nyanya, na nyanya ina uchachu wake. Kiasi hiki kinamaanisha pia kwamba chupa moja inapika mara tatu, na hapo bei yake inakuwa nyingine kabisa. Kipimo changu cha gharama ni hicho: mvinyo unaoingia sufuriani usizidi bei ya nyama iliyomo.

Nunua nyama ya msuli, ile ya mguuni yenye mishipa myeupe, au mkia. Steki laini haina faida hapa, itakauka. Kata vipande vikubwa, vikaushe kwa kitambaa, vipake chumvi kidogo, uvikaange kwenye mafuta ya moto kidogo kidogo hadi viwe na rangi ya kahawia kila upande. Vitoe. Tia vitunguu na saumu, vikilainika ongeza vijiko viwili vikubwa vya nyanya ya kopo na uikaange hadi rangi yake iive. Sasa ondoa sufuria motoni, mimina mvinyo, urudishe. Nasema ondoa kwa sababu mvuke wa kilevi hushika moto kwa urahisi juu ya jiko la gesi. Kwa mwiko wa mbao kwangua yale yote yaliyoganda chini, kwa kuwa ndiyo yatakayoupa mchuzi ladha ya nyama. Acha uchemke bila kufunika hadi upungue nusu, dakika tano hadi nane. Inama unuse: ikiwa mvuke bado unachoma pua, endelea. Ukinuka kama matunda yaliyopikwa, rudisha nyama, tia supu ya mifupa au maji ya moto hadi ikaribie kufunikwa, jani la bei, kijiti cha mdalasini, karafuu mbili, na upunguze moto hadi mchuzi utokote polepole. Msuli unataka saa mbili na nusu hadi tatu. Karoti ziingie dakika 40 za mwisho. Chumvi irekebishwe mwishoni kabisa.

Hatua ya kuupunguza mvinyo kabla ya supu usiiruke, hasa ukitumia sufuria ya presha. Ikishafungwa, kilevi hakina mlango mpana wa kutokea na kinabaki kwenye mchuzi kikiwa kikali na kibichi. Kwa sababu hiyohiyo usiongeze mvinyo dakika za mwisho ukidhani unaongeza ladha. Chakula kikiwa kikali kwa uchachu, tia kipande cha siagi au karoti iliyokwaruzwa na uache kitokote tena. Kulaza nyama kwenye mvinyo usiku kucha si lazima; mvinyo hupenya milimita chache tu, na ule uliogusa nyama mbichi lazima uchemshwe vizuri na povu liondolewe kabla ya kutumika.

Kuna chakula kimoja ambacho nadhani sisi tuna malighafi bora kuliko wengi wa Ulaya wa leo. Wafaransa wana jogoo wa kupika kwa mvinyo, chakula cha vijijini kilichobuniwa kwa ajili ya jogoo mzee mgumu ambaye hakuna njia nyingine ya kumlainisha. Siku hizi wengi wao hukipika kwa kuku wa dukani anayeiva kwa dakika 40, na mvinyo haupati muda wa kuingia. Sisi tuna kuku wa kienyeji. Jogoo wa mwaka na zaidi, aliyekatwa vipande, akapikwa kwa Merlot au mvinyo mkavu wa Dodoma kwa saa mbili na vitunguu vidogo, uyoga na kitunguu saumu, hutoa mchuzi mzito wenyewe bila unga, kwa sababu ya ute wa mifupa na ngozi yake. Nyama itakuwa na rangi ya zambarau upande wa nje. Usishtuke, ndivyo inavyopaswa kuwa. Kwa kuku wa kisasa sishauri mvinyo mwekundu kabisa.

Nazi na mvinyo mwekundu usivikutanishe. Uchachu unaweza kulikata tui, na rangi inayotoka ni ya majivu. Samaki wengi nao hawaupendi. Ukwaju na ndimu viweke mbali siku hiyo, kwani uchachu tayari upo.

Jambo la kilevi linastahili uwazi, kwa sababu wengi husema kwamba kikichemka kimekwisha. Hakiishi haraka hivyo. Majedwali ya Idara ya Kilimo ya Marekani yanaonyesha kwamba chakula kilichotokota dakika 15 baada ya kutiwa pombe hubaki na takriban asilimia 40 ya kilevi chake, nusu saa asilimia 35, saa moja asilimia 25, saa mbili asilimia 10, na saa mbili na nusu asilimia 5. Kwa sahani moja ya rosti iliyopikwa muda mrefu hicho ni kiasi kidogo sana, lakini si sifuri. Kwa hiyo ukialika watu, sema kabla ya kupika. Mwislamu, Msabato, mlokole, mjamzito, mtu anayepambana kuacha pombe, kila mmoja ana haki ya kujua kilichomo na kujiamulia, na kumwambia baada ya kula ni kumkosea heshima. Kama mmoja wao atakaa mezani kwako, pika sufuria nzima bila mvinyo. Chukua kikombe kimoja cha supu ya mifupa iliyokolea, uitie nusu kikombe cha choya iliyochemshwa bila sukari na kuchujwa. Choya inaleta uchachu na ile rangi nyekundu nzito. Ukiikosa, kijiko kikubwa kimoja cha ukwaju mzito au nusu kikombe cha juisi halisi ya komamanga hufanya kazi hiyo. Mvinyo ulioondolewa kilevi unauzwa pia, ila soma lebo, kwani mwingi huongezwa sukari.

Tukirudi kwa wanaoutumia: chupa ikifunguliwa, kilichobaki kifungwe na kiende kwenye friji siku hiyohiyo, hata kama ni mvinyo mwekundu. Kwa joto la Dar es Salaam, chupa iliyoachwa juu ya kabati hugeuka ndani ya siku mbili tatu. Ndani ya friji itafaa kupikia kwa wiki moja, pengine na nusu. Anayepika kwa mvinyo mara kwa mara afikirie mvinyo wa boksi, ule ulio kwenye mfuko wenye bomba, ambao Thomas Angove wa Australia aliupatia hataza mwaka 1965. Mfuko hujikunja mvinyo unapotoka, hewa haiingii, na hukaa wiki nne hadi sita. Boksi la lita 3 ni chupa nne kwa bei ya chini kwa kila lita, na hakikisha tu kwamba ni drai. Anayepika mara chache atafute chupa ndogo ya mililita 187 au 250, ambayo inaisha kwa sufuria moja.

Na ukibaki na kidogo usichojua utakitumia lini, mimina kwenye trei la barafu. Mvinyo huganda polepole kuliko maji na vipande vyake huwa laini kiasi, kwa hiyo viache usiku mzima kabla ya kuvihamishia kwenye mfuko. Vipande viwili au vitatu vinatosha kwenye kikaango baada ya kukaanga maini, vikipunguzwa na kitunguu hadi vishike mwiko. Andika tarehe juu ya mfuko na uvitumie ndani ya miezi mitatu, kabla havijachukua harufu ya friza.